Dirisha Lililopasha Mtaa Joto

Donat hakuwa na koti lenye bitana. Hakuwa na simu, wala gari, wala zulia, wala ndugu wa damu katika Ubelgiji nzima. Hakuwa na gesi, maana fundi alikuja kabla ya Krismasi, akanusa bomba, akatikisa kichwa na kuifunga mita kwa waya na muhuri wa madini ya risasi. Hakuwa na mke nyumbani, kwa kuwa Mujinga alikuwa bado hospitalini. Hakuwa na mtoto mikononi, ingawa alikuwa amekwisha kuwa baba kwa siku ishirini na sita. Na hakuwa na mtu wa kumwuliza namna ya kuwasha kuni. Hata angekuwa naye, asingemwuliza.

Ulikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka 1997. Baridi ilikuwa imeukamata mji wa Brussels kiasi kwamba hata wenyeji waliizungumzia kwenye foleni ya mkate. Kule Anderlecht, mtaa alioishi Donat, karibu na machinjio, maji ya mfereji yalikuwa yameganda kingoni, na watu walitembea wakiwa wamejikunja kama wanaotafuta kitu kilichowadondoka.

Mwenye nyumba hakutengeneza bomba la gesi. Alipanda ngazi na vibarua wawili waliobeba jiko la kuni kutoka stoo ya chini, jeusi, la chuma, lenye miguu minne na mlango mdogo mbele. Wabelgiji huliita poêle. Walilichomeka kwenye bomba la moshi, naye akabandika ukutani karatasi ya msafisha mabomba aliyepita wiki ile.

"Litakufikisha Pasaka," alisema kwa Kifaransa, akijipangusa mikono. "Wala sina haja ya kukufundisha. Ninyi kule kwenu mnajua moto kuliko sisi."

"Bila shaka," alijibu Donat, akatabasamu.

Alikuwa amezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa migodi Lubumbashi. Moto wa kwao ulikuwa wa makala, ndani ya mbabula, lile jiko dogo la bati lenye matundu ubavuni, na mbabula ilikuwa kazi ya mama na dada zake. Mwanamume hakupiga magoti mbele yake. Alipokuwa karani alinunua jiko la umeme la sahani mbili. Katika miaka yake thelathini na minne hakuwa amewasha kuni hata siku moja, naye alijibu "bila shaka" kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kupumua.

Siku ya kwanza alilifungua jiko mlango, akalipepea kwa kipande cha katoni kama alivyomwona mama yake akifanya. Moshi ulimrudia usoni, ukajaa chumbani, ukashuka ngazi. Kutoka ghorofa ya chini sauti ya mwanamke mzee iliuliza kama kuna mtu anakausha samaki. Siku ya tatu moto ulishika. Tangu hapo uliwaka vizuri, ukinguruma, ukila kuni bila huruma. Lakini kipimajoto alichokitundika juu ya kitanda kiliganda kwenye digrii kumi na tatu, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

Dirisha lilikuwa wazi kwa upana wa kiganja, mchana na usiku, naye Donat hakuliona kuwa ni jambo la kujadiliwa.

*

Hospitalini, Mujinga alikuwa ameketi kando ya kitanda cha kioo, mkono wake mmoja ndani ya tundu, kidole chake kimeshikwa na mtoto. Mtoto aliitwa Tatiana. Alizaliwa kabla ya wakati, akiwa mwepesi kuliko pakiti mbili za sukari, lakini sasa alikuwa amefika kilo mbili na kidogo, na alipumua mwenyewe.

"Docteur amesema mardi, Jumanne iyi, anaweza kutoka," Mujinga alisema. "Lakini kuna madame ya service ya batoto, eko nakuya jeudi kuangalia nyumba. Anataka vingt degrés, digrii ishirini. Mchana na usiku."

"Na kama haifike?"

"Kama haifike, bananitoa miye mu hopitali, batabakia naye. Batamupeleka mu pouponnière, kwa bale banachungaka batoto bachanga, inje ya muji. Mupaka baridi iishe." Aliusogeza uso karibu na kioo. "Tutaenda kumuona mara mbili mu semaine. Mara mbili, Donat. Sawa prison."

"Hataenda."

"Poêle inawaka?"

"Inawaka bien."

"Na dirisha?"

"Naachaka wazi. Unanijua."

"Aksanti," alisema Mujinga, akarudisha macho kwa mtoto.

Wote wawili walikuwa watu wa kambi, na watu wa kambi walijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Mwaka 1971, katika majira ya baridi, mama yake Donat aliingiza mbabula chumbani ili watoto walale na joto, akafunga dirisha. Asubuhi Donat aliamka na kichwa kizito kama jiwe. Mdogo wake Joël, wa miaka sita, hakuamka. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu. Tangu mwaka ule hakuna aliyelala na moto katika nyumba yao bila dirisha kuwa wazi, hata mvua ikinyesha ndani.

*

Muuguzi wa huduma ya watoto alikuja Alhamisi. Donat aliposikia kengele alilifunga dirisha haraka, maana hakutaka aulizwe.

Yule mama hakuvua koti. Alifungua kabati, akaziangalia nguo za mtoto zilizokunjwa, akabonyeza godoro, akauliza mahali pa kuogea. Alikuwa na adabu, na hilo lilimwumiza Donat zaidi kuliko kama angekuwa mkali. Alipoongea, alizidi kujikunja ndani ya koti lake.

Donat alimpa kiti. Alikataa. Alimpa chai. Alikataa pia, akisema ana nyumba nyingine tatu za kutembelea.

"Kumi na nne," alisoma kwenye kipimajoto chake. "Jiko hili linawaka tangu lini?"

"Tangu asubuhi, Madame."

Alilisogelea jiko, akanyoosha kiganja, akakirudisha upesi kwa jinsi lilivyokuwa la moto. Alitazama kuta, akatazama dari, kama anayetafuta tundu. "Basi nyumba inavuja, au jiko ni dogo. Nitarudi Jumatatu saa nne. Sipendi kuandika hivi, Monsieur, lakini siwezi kuandika kingine."

Alipoondoka Donat alilifungua dirisha tena. Alimwona chini akivuka barabara, faili kwapani, akajiona mtu aliyeshindwa mtihani ambao maswali yake aliyajua.

*

Ijumaa, Bertin alikuja na toroli la mbao alizopewa kwenye ghala. Bertin alifagia naye ofisi jioni kule Schuman, na alikuwa mtoto wa kambi ileile, mitaa miwili kutoka kwao. Alisimama mlangoni, akautazama moto, akalitazama dirisha.

"Eh, Donat. We unapasha commune yote, mutaa muzima. Joto yako nimeisikia tangu ku métro."

"Unajua juu ya nini dirisha iko wazi."

Bertin aliivua kofia yake. Alikuwa amebeba upande mmoja wa lile jeneza dogo la Joël mwaka 1971. "C'est vrai, ni kweli," alisema. "Moto mu nyumba, dirisha wazi. Ile haina discussion."

"Sasa nifanye nini? Natia kuni, naona joto inatoka kwenda kwa bantu ya barabara. Na ule madame anarudi lundi."

Bertin aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akafikiri sana. "Tutaleta batu," alisema mwishowe.

"Batu gani?"

"Chorale, kwaya ya kanisa. Muntu moya eko na trente-sept degrés, digrii thelathini na saba, mu mwili. Batu quinze. Calcule."

"Bertin."

"Calcule tu, piga hesabu, utaona."

Mtu mwingine angecheka. Hawa wawili walikuwa watu wazima wenye akili, waliosoma, na kila mmoja alikuwa amemhakikishia mwenzake jambo ambalo lingewapotezea mtoto. Waliafikiana kwamba Jumapili baada ya ibada kwaya itakuja kufanya mazoezi pale, ili wajaribu.

*

Jumapili tarehe kumi na mbili, waimbaji kumi na watano walipanda zile ngazi nyembamba wakiwa na makoti na vitenge juu ya makoti. Wanawake walikaa kitandani, wanaume walisimama. Donat alijaza jiko hadi mlango ukakataa kufunga. Bertin alijiweka kando ya kipimajoto kama daktari kando ya mgonjwa.

Waliimba. Wakapiga makofi, kisha miguu. Digrii zilipanda kumi na sita, kumi na saba na nusu.

"Inapanda," alisema Bertin. "Ba soprano, muimbe na nguvu, muko nawaza nini? Dix-neuf, kumi na tisa. Tunabakisha moya."

"Na lundi?" aliuliza mwimbaji mmoja aliyekuwa akipangusa jasho. "Lundi niko ku kazi, miye."

"Utaomba ruhusa."

"Niambie patron nini? Kama ninaenda kupasha nyumba ya bantu?"

Kicheko kilikuwa hakijaisha mlango ulipofunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Madame Lucienne wa ghorofa ya chini, mjane wa miaka sabini na minne, akiwa na aproni na ndara za manyoya. Tangu Donat ahamie alikuwa amemsemesha mara tatu: mara mbili kuhusu takataka za mbao kwenye ngazi, na mara moja kuhusu samaki.

"Dari yangu inaanguka kwenye supu," alisema. Kisha akakitazama chumba. Aliutazama moto ulionguruma, akawatazama watu kumi na watano waliovaa makoti, kisha macho yake yakatua dirishani na kubaki pale.

"Nani amefungua lile?"

Alipita katikati yao kwa ndara zake, akalifunga, akakaza komeo.

Waimbaji wote walisimama kwa pamoja. Mama mmoja alichukua mkoba wake. "Hapana, maman, hapana. Na moto mule ndani?" Bertin alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango.

"Mnaogopa nini?" aliuliza Lucienne.

Walimtazama Donat. Alikuwa mtu wa kwanza katika kanisa lile aliyejua kuandika barua za ofisini kwa Kifaransa safi, na watu walimletea karatasi zao awasomee. Alilitazama dirisha lililofungwa, akakumbuka neno "Jumatatu".

"Madame," alisema, "mimi silijui jiko hili. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba ninajua. Sijui."

Kisha akamwelezea mbabula, na chumba, na Joël. Alimwelezea kwa maneno machache, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Lucienne alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema maneno ya faraja. Alijipangusa mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji.

"Hiyo mbabula ilikuwa na bomba?"

"Hapana."

"Hewa yake mbaya ilikwenda wapi?"

"Ilibaki ndani."

"Njoo hapa."

Alishika bega la Donat, akapiga magoti taratibu, magoti yakilia. Alichana ukanda wa gazeti, akauwasha, akafungua mlango wa jiko kidogo na kuusogeza pale kwenye upenyo. Mwali ulilala, ukanyooka kuelekea ndani, kana kwamba kuna mtu anaunyonya.

"Linavuta," alisema. "Kila kilichomo kinapanda bombani na kutoka juu ya paa. Siku ukiona mwali unalala kuja kwako, toa mtoto, fungua kila kitu, uniite. Siku nyingine zote funga dirisha. Na kitundu kile cha ukutani, chenye wavu, kile hapo chini, usikizibe kamwe. Hicho ndicho pua ya jiko. Umeona?"

"Nimeona, Madame."

"Basi."

"Nimeona. Lakini siwezi."

Alisema kweli. Macho yake yalikuwa yameamini. Lakini tayari alikuwa amesogea dirishani na kushika komeo. Lucienne aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane.

"Una chai?"

"Ndiyo."

"Waambie waimbaji wako waende. Mimi nitakaa hapa mpaka saa kumi na mbili, na dirisha limefungwa. Tukifa, tutakufa wawili, na mwenye nyumba atakosa kodi mbili kwa mpigo."

*

Walikaa wakitazamana, jiko katikati. Lucienne alishika kikombe kwa mikono miwili. Donat aliketi wima, kiti chake kikiwa kimesogezwa hadi mkono wake uweze kulifikia komeo.

"Madame, kichwa hakiumi?"

"Hakiumi."

Baada ya dakika kumi aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Alipouliza mara ya tatu, Lucienne aliweka kikombe chini.

"Kinaanza kuuma. Kwa maswali yako."

Alimfundisha. Majivu hayazolewi yote kila asubuhi kana kwamba kuna mgeni anakuja; huachwa unene wa vidole viwili, moto ulalie. Gogo nene huwekwa likishakuwepo kaa jekundu, si kabla. Kile kifuniko kidogo cha chini ndicho mdomo wa jiko: ukikifungua sana, linakula kama mchukuzi, ukikipunguza, linakula kama padri. Lakini usikifunge chote. Na mbao zenye rangi za Bertin zirudi zilikotoka, maana rangi ikiungua ni sumu. Yeye alikuwa na kuni kavu uani, za miaka miwili, nyingi kuliko maisha aliyobakiza.

"Mume wangu alikuwa dereva wa tramu," alisema. "Alifariki ameshapasua kuni za baridi tatu. Mimi nimechoma moja tu."

Donat aliyaandika yote kwenye daftari. Digrii zilipanda kumi na saba, kumi na tisa, ishirini. Chumba kikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu gesi ifungwe, alisikia miguu yake ndani ya viatu.

Alipoinua macho kutoka kwenye daftari, kidevu cha Lucienne kilikuwa kimeanguka kifuani. Mdomo ulikuwa wazi. Mkono mmoja ulining'inia kando ya kiti.

Donat hakukumbuka alivyofika dirishani. Alilifungua lote kwa kishindo, akamshika yule mama mabegani, akamtikisa, akamwita kwa jina, akaanza kumnyanyua amtoe nje.

"Una wazimu?" alifoka Lucienne.

"Ulikuwa unakufa."

"Nilikuwa nimelala. Nina miaka sabini na minne, nimekunywa supu, na chumba kina joto. Unadhani watu hufanya nini kwenye chumba chenye joto?"

Donat alikaa sakafuni. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, akafunika uso kwa viganja vyake vyeusi kwa masizi. Lucienne aliangalia pembeni, kwa heshima. Kisha akainuka mwenyewe, akalifunga dirisha, akaketi na kukunja aproni yake magotini.

"Haya," alisema. "Tunaanza upya. Na sasa nitalala kwa makusudi, usiniguse."

Alilala saa nzima, akikoroma. Donat aliketi akimsikiliza akikoroma, na kila mkoromo ulimtuliza. Saa kumi na mbili kipimajoto kilionyesha ishirini na mbili, na jiko lilikuwa limekula magogo mawili tu.

"Na ngazi zile," alisema Lucienne akiwa mlangoni, "zifagie."

*

Jumatatu saa nne muuguzi aliingia, akasimama, akaanza kufungua vifungo vya koti kabla ya kujua kwamba anavifungua. Kipimajoto chake kilisema ishirini na moja.

"Umebadilisha jiko?"

"Hapana, Madame. Nimebadilika mimi."

Alimwuliza kuhusu hewa ya sumu, kama kazi yake ilivyomtaka. Donat alipiga magoti, akachana gazeti, akamwonyesha mwali ukilala ndani, akamwonyesha kitundu chenye wavu, akaeleza unene wa majivu. Muuguzi aliandika. Alipomaliza kuandika aliuliza kama ile chai ya Alhamisi bado ipo.

Jumanne mchana Bertin aliwaleta kwa gari la kuazima. Mujinga alipanda ngazi taratibu, mtoto kifuani ndani ya blanketi tatu. Donat alifungua mlango. Joto liliwatokea, zuri, likinuka mbao kavu.

Mujinga alisimama kizingitini. Alitazama moto. Alitazama dirisha.

"Umefunga," alisema.

"Mujinga, sikiliza. Hii haiko sawa mbabula. Iko na bomba. Angalia, nitakuonyesha na gazeti."

"Fungua kwanza."

"Nikifungua, baridi itamupata mutoto."

"Mutoto yangu haiko ya kufanyia essai, majaribio." Hakupaza sauti. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akaanza kushuka. Donat hakumkasirikia. Juzi tu yeye mwenyewe alikuwa ameshika komeo.

"Bien," alimwambia kutoka juu. "Kaa chini kwa Madame Lucienne na mutoto. Mi nitaingia, nitafunga yote, nitabakia saa moya. Nitaimba. Ukisikia ninaimba, ujue niko muzima."

"Na ukinyamaza?"

"Bertin atavunja mulango."

"Mulango ya locataire, ya mupangaji?" aliuliza Bertin. "Nani atalipa?"

Lucienne alikuwa amekwisha kufungua mlango wake. Hakuelewa neno hata moja, lakini alimwona mwanamke mwenye mtoto mchanga amesimama kwenye ngazi za baridi, na hilo lilimtosha. Alimvuta ndani, akamkalisha kwenye kiti kikubwa.

Juu, Donat aliimba. Aliimba nyimbo zote za kwaya, za sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha nyimbo za shule ya msingi. Sauti ilianza kukwaruza. Chini Mujinga alisikiliza, akihesabu pumzi za mumewe kati ya ubeti na ubeti. Lucienne alimletea maziwa ya moto. Tatiana alitoa mkono mdogo kutoka kwenye blanketi, vidole vimekunjuka, mashavu yamekuwa na rangi ambayo hospitalini hayakuwa nayo. Mujinga alimvua blanketi moja, kisha la pili. Alivua na koti lake.

Ndipo alipouliza, kwa Kifaransa: "Madame, joto hili linatoka wapi?"

Lucienne alionyesha kwa kidole nyuma ya kiti. Palikuwa na jiko la kuni, jeusi, la miguu minne, likiwaka taratibu. Mujinga aligeuka kutazama dirisha. Lilikuwa limefungwa, na juu yake pazia zito limetelemshwa. Alikuwa amekaa humo dakika arobaini, na mtoto wake alikuwa amelala fofofo, akipumua kama saa nzuri.

Kisha mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko.

"Tonton Bertin," aliita kwenye ngazi, "umuambie ule muntu anyamaze. Anamulamusha mutoto."

*

Walimshukuru Lucienne kama walivyojua. Mujinga alimpelekea maharage na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Alikula, akarudisha sahani imeoshwa, akasema chumvi ilikuwa kidogo. Donat alifagia ngazi kila siku, hadi mlango wa barabarani. Alimwambia asante kila walipokutana, na kila mara Lucienne alipunga mkono na kusema si kitu.

Lakini Donat hakutosheka. Siku moja alikutana naye mlangoni akikagua sanduku lake la barua. Lilikuwa na bili ya maji na tangazo la magodoro. Alilitazama tangazo mbele na nyuma kabla ya kulikunja.

Jioni tatu, kabla ya kwenda kazini, Donat aliketi mezani na kamusi, karatasi nzuri na kalamu ya wino. Mujinga alikuwa akimnyonyesha Tatiana kando ya jiko.

"Eko hapa chini," alisema. "Ngazi kumi na tano. Shuka, umuambie."

"Nimemuambia mara kumi. Merci ya kinywa, anasema de rien, si kitu, inaisha palepale. Hii ataisoma akiwa peke yake. Akitaka, atairudilia."

"Basi umupelekee mu mukono."

"Hapana. Facteur ya posta ataileta. Aione jina yake, na timbre, stempu, sawa bantu bengine."

Mujinga hakubishana tena. Aliomba asomewe, naye akamsomea, akitafsiri yale magumu.

"Madame, siku ya Jumapili tarehe 12 Januari uliketi nyumbani kwangu kwa muda wa saa nne, dirisha likiwa limefungwa, ili mimi nisiogope. Hukunijua. Nilikuwa mtu wa kelele na takataka kwenye ngazi. Binti yangu sasa ana kilo mbili na gramu mia nane, na analala nyumbani kwake. Nimemwandikia pia mama yangu Lubumbashi kuhusu bomba na mwali wa gazeti, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita hajalala na dirisha limefungwa. Nimemwandikia kwamba yuko mama mmoja hapa aliyelala usingizi mbele yangu, na kwamba usingizi ule ni zawadi kubwa kuliko zote nilizopewa katika nchi hii. Tafadhali, Madame, usinijibu kwamba si kitu. Jirani yako wa juu, Donat."

"Weka na jina ya mutoto," alisema Mujinga.

Aliiongeza chini: na Mujinga, na Tatiana.

Asubuhi alikwenda posta. Mhudumu aliitazama bahasha mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Monsieur, anayetuma na anayepokea wako nyumba moja."

"Najua, Madame."

"Ungeweza kuisukuma chini ya mlango wake. Ungebaki na faranga zako kumi na saba."

"Najua."

Alilipa. Aliilamba stempu, akaibandika pembeni, sawasawa na ukingo. Aliupitisha ukingo wa bahasha ulimini, akaukunja, akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara mbili. Kisha akatoka kwenye baridi, akalisogelea sanduku jekundu la ukutani, akaiingiza barua nusu, akalisoma kwa mara ya mwisho jina la Madame Lucienne lililoandikwa kwa herufi zake bora, akaiachia.